Mvua Iliyochelewa: Historia ya Wimbo "Kothbiro" na Usikilizwaji Wake Bungoma na Kitale

Mhakiki wa fasihi simulizi amezoea kuifuata njia moja anapoeleza maisha ya wimbo wa Kiafrika. Wimbo huanzia kijijini, vinywani mwa wazee na katika nyuzi za ala ya jadi. Kisha huingia mjini, ukavishwa gitaa. Hatimaye huuzwa ng'ambo. Wimbo "Kothbiro" umeikaidi njia hiyo. Ulirekodiwa mwaka 1976 na bendi ya roki ya Nairobi iliyojiita Black Savage, ukapita bila kishindo. Ulirejea mwaka 1993 ukiwa umevaa nyatiti, na wasikilizaji wa Ulaya wakaupokea kana kwamba ni sauti ya kale isiyo na mtunzi. Mwaka 2005 ulisikika katika filamu iliyotazamwa duniani kote. Mwaka 2018, miaka arobaini na miwili baada ya kurekodiwa kwa mara ya kwanza, rekodi ile ile ya bendi ya roki iliingizwa katika wimbo wa Mmarekani Kanye West uliofika nafasi ya 8 katika chati ya Billboard Hot 100. Gitaa, basi, lilitangulia, na nyatiti ikafuata nyuma kwa miaka kumi na saba.

Mpangilio huo wa nyakati si jambo dogo la kumbukumbu tu. Mara wimbo unapopewa jina la "wa jadi", mtunzi wake hupotea, na akipotea mtunzi hupotea pia haki yake. Aidha, hupotea ukweli wa kihistoria kwamba vijana wa mjini wa miaka ya 1970, waliolaumiwa mno kwa kuiga Uingereza na Marekani, walikuwa tayari wakitunga kwa lugha za mama zao.

Jina lenyewe la wimbo ni sentensi kamili ya Dholuo: *koth* ni mvua, *biro* ni yaja. Maudhui yake ni mepesi kwa mtazamo wa kwanza. Mtu mzima anawaita watoto, anawauliza kama wanasikia asemalo, na kuwahimiza waswage ng'ombe kurudi bomani kabla ya mvua kuanguka. Hakuna kisa kirefu, hakuna shujaa, wala hakuna fumbo la wazi. Ni wito. Nguvu ya wito huo hutokana na urudiaji na na ule muda mfupi unaobaki kati ya wingu na tone la kwanza. Dhamira nzima imewekwa katika muda huo. Msikilizaji hapewi mvua yenyewe, bali kuja kwake.

Black Savage haikuwa bendi ya watu waliotarajiwa kuimba habari za ng'ombe. Miongoni mwa wanamuziki wake walikuwamo Gordon Ominde, Mbarak Achieng na kijana Job Seda, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Ayub Ogada. Walikuwa vijana wa Nairobi waliosikiliza roki na fanki, na sehemu kubwa ya nyimbo zao ilikuwa kwa Kiingereza. Albamu yao, *Something for Someone*, ilitoka mwaka 1976. Jina la bendi, lenye maana ya "mshenzi mweusi", lilikuwa kejeli: waliliokota tusi la mkoloni na kulifanya bango. Kejeli ya namna hiyo iliwafaa wasomi wa mjini walioyajua matusi hayo kutoka vitabuni, lakini haikumwambia kitu mkulima wa Kimilili aliyekwenda sokoni kutafuta santuri ya kucheza jioni.

Miaka hiyo ilikuwa ya mjadala mkali katika taaluma ya fasihi nchini. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walikuwa wamependekeza kuondolewa kwa Idara ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Nairobi na kuwekwa mahali pake idara ambayo Afrika na fasihi simulizi yake zingekuwa kitovu. Mwezi Septemba 1974, mkutano uliofanyika katika shule ya Nairobi ulijadili ufundishaji wa fasihi katika shule za sekondari kwa msimamo huo huo. Mwaka 1977, mwaka mmoja tu baada ya "Kothbiro", tamthilia ya Kikuyu *Ngaahika Ndeenda* iliigizwa Kamĩrĩĩthũ. Kibali chake kikafutwa, na Ngũgĩ akawekwa kizuizini mwezi Desemba. Swali la lugha lilikuwa limeshika moto. Hata hivyo, wahakiki walioipigania fasihi simulizi waliitafuta kwa wazee, wakiwa na kinasa sauti na daftari. Haikuwapitia akilini kwamba ingeweza kutokea kwenye jukwaa la klabu, mikononi mwa kijana mwenye gitaa la umeme. Lawama hapa ipunguzwe kidogo, kwa kuwa hata vijana wenyewe hawakudai kwamba walichokifanya kilikuwa fasihi.

Kwa nini wimbo ulipuuzwa? Sababu ya kwanza ni ya kitaasisi. Sauti ya Kenya iligawa matangazo yake kwa lugha: idhaa ya Kiswahili, idhaa ya Kiingereza, na vipindi vya lugha za makabila. Bendi ya roki iliyoimba Dholuo haikuwa na mahali dhahiri pa kukaa katika mgawanyo huo. Kwa wapenzi wa roki wimbo ulikuwa wa lugha wasiyoitarajia. Kwa wasikilizaji wa vipindi vya Dholuo ulikuwa wa mdundo wasioutarajia. Ni kama mgeni aliyefika nyumba mbili, na kila nyumba ikadhani anatafuta ile nyingine.

Sababu ya pili ni soko. Nusu ya pili ya miaka ya 1970 ilikuwa enzi ya benga. D. O. Misiani na Shirati Jazz, George Ramogi, pamoja na bendi nyingine za kando ya Ziwa Viktoria walitawala santuri za Nyanza, na mdundo wao ulivuka mipaka ya lugha hadi Magharibi na Bonde la Ufa. Pembeni mwa benga kulikuwa na rumba ya wanamuziki waliotoka Zaire na ile ya Kiswahili iliyoletwa na ndugu kutoka Tanzania. Miji ya reli na ya soko kama Bungoma, iliyo kwenye njia kuu ya kwenda Uganda, na Kitale, uliofikiwa na tawi la reli mwaka 1926 na kukua kwa mahindi ya mashamba makubwa, ilikuwa milango ya biashara hiyo. Santuri ya dakika chache ilinunuliwa kwa ajili ya kucheza. Gitaa la benga hupanda na kukimbia mwishoni mwa wimbo ili miguu nayo ikimbie. "Kothbiro" hautoi mbio hizo. Wimbo wa wito hauchezeki kwa urahisi, na kisichochezeka kilikaa rafuni.

Kulikuwapo mfano wa awali ambao ungeweza kuwapa matumaini. Mwaka 1968 bendi ya Uingereza, The Tremeloes, iliuchukua wimbo "Helule Helule" wa Daudi Kabaka, mwanamuziki mwenye asili ya Magharibi mwa Kenya, na kuufikisha nafasi ya 14 katika chati za Uingereza. Lakini "Helule Helule" ulikuwa tayari wimbo wa kuchangamsha uliopendwa nyumbani kabla ya kusafiri. "Kothbiro" ulisafiri kabla ya kupendwa, na tofauti hiyo ndiyo inayoufanya ustahili kuchunguzwa peke yake.

Job Seda alizaliwa Mombasa mwaka 1956 kwa wazazi Waluo waliokuwa wanamuziki. Akiwa mtoto alikwenda nao Marekani, ambako wazazi walipiga muziki wa Kiluo mbele ya hadhira za vyuo. Hivyo, mara mojawapo za kwanza alizoushuhudia muziki wa jamii yake ukitendwa jukwaani zilikuwa ughaibuni, mbele ya wageni. Jambo hili laweza kuonekana kama pambo la wasifu tu, lakini lina uzito: kwake yeye, jadi haikuwa kitu cha kuachwa kijijini na kuja kukumbukwa mjini. Ilikuwa tangu mwanzo kitu cha kutendwa mbele ya mtu asiyekielewa. Baada ya Black Savage alishiriki mwaka 1979 kuanzisha African Heritage Band, iliyofungamana na nyumba ya sanaa ya jina hilo Nairobi, na humo ndimo bendi ilipochanganya ala za jadi na za umeme kwa makusudi. Alionekana pia katika filamu *Out of Africa* ya mwaka 1985, akitumia bado jina la Job Seda.

Mwaka 1986 alikwenda Uingereza akiwa na nyatiti. Alipiga barabarani na katika vituo vya treni za chini ya ardhi London, akitunzwa sarafu na wapita njia, hadi watu wa tamasha la WOMAD walipomsikia na kumpandisha jukwaani. Mwaka 1993 kampuni ya Real World, iliyoanzishwa na Peter Gabriel, ilitoa albamu yake *En Mana Kuoyo*, na humo "Kothbiro" ukazaliwa upya.

Nyatiti ni kinubi cha nyuzi nane. Mpigaji huketi juu ya kigoda cha chini, ala ikilazwa mbele yake. Mguuni huvaa *gara*, njuga za chuma, na kwenye kidole gumba cha mguu pete ya chuma iitwayo *oduong'o*, ambayo hugongwa kwenye ubavu wa ala. Mtu mmoja, kwa hiyo, ni mwimbaji, mpiga nyuzi na mpiga ngoma kwa pamoja. Mapokeo ya *jathum*, yaani fundi wa nyatiti, ni ya kusifu, kuomboleza na kutaja watu kwa majina, mara nyingi kwa sauti kali na mwendo wa kasi. Ogada hakuyafuata mapokeo hayo katika "Kothbiro". Alipunguza mwendo, akailegeza sauti hadi ikakaribia mnong'ono, akauacha wimbo bila sifa za mtu yeyote. Anayelijua jukwaa la mazishi au la harusi la Waluo huona upesi kwamba upigaji huu ni wa mtu aliyepitia roki: utulivu wake ni wa studio, na nafasi zilizoachwa kimya kati ya mishororo ni za msanii aliyejifunza kupiga mbele ya kipaza sauti. Msikilizaji wa Ulaya alisikia ukale. Alichokuwa akikisikia ni usasa wa Nairobi ya mwaka 1976 ukiwa umebadilishwa mavazi.

Hapa ndipo usikilizwaji wa Bungoma na Kitale unapoleta mwanga ambao London haukuweza kuuleta. Wabukusu wa Bungoma na wa Trans Nzoia hawasemi Dholuo. Lugha yao ni ya Kibantu, nayo Dholuo ni ya Kinailoti. Mtu wa Webuye anayeusikia wimbo huu redioni anaweza asitambue hata neno moja, akawa sawa na yule wa London kwa upande wa lugha. Lakini ana vitu viwili ambavyo yule wa London hana.

Cha kwanza ni ala. Wabukusu wana litungu, kinubi kilicho ndugu wa nyatiti, kwa kawaida chenye nyuzi saba, na ambacho kimebeba masimulizi, mafunzo na mzaha wa jamii hiyo kwa vizazi. Katika Tamasha la Muziki la Kenya watoto wa shule wamezisikia ala hizi mbili zikifuatana jukwaani mwaka baada ya mwaka. Sikio lililolelewa na litungu halihitaji kuambiwa kwamba nyuzi za "Kothbiro" ni za kinubi, wala halizistaajabii kama kitu cha mbali. Linachostaajabia, ikiwa litastaajabia, ni upole wa upigaji.

Cha pili ni majina, na jambo hili linataka kutazamwa kwa makini zaidi. Mtoto wa Kiluo aliyezaliwa mvua ikinyesha huitwa Okoth akiwa mvulana, Akoth akiwa msichana; shina ni lile lile lililomo katika jina la wimbo. Mtoto wa Kibukusu aliyezaliwa msimu wa mvua huitwa Wafula au Nafula, kutokana na *efula*. Miongoni mwa jamii za Kikalenjini, ambao ni wengi Kitale na kwenye miteremko ya Mlima Elgon, yuko Kiprop, na dada yake ni Cherop au Jerop. Lugha tatu zisizoelewana zimeichukua mvua na kuifanya mtu. Zaidi ya hayo, kwa Wabukusu mvua ni ukurasa mmoja tu wa kalenda nzima ya majina: Simiyu ni wa kiangazi, Wekesa ni wa mavuno, Wanjala ni wa njaa. (Marehemu Chris Wanjala, mmoja wa wahakiki wakuu wa fasihi nchini, alibeba jina la njaa na mwaka 1978 akachapisha kitabu alichokiita *The Season of Harvest*, yaani msimu wa mavuno, ni vigumu kuamini kwamba Mbukusu aliyeijua kalenda hiyo hakuliona tabasamu lililomo.) Mara msikilizaji wa Bungoma anapoambiwa maana ya maneno mawili ya jina la wimbo, tafsiri iliyobaki hujifanya yenyewe.

Pia iko jiografia. Katika nchi iliyo kati ya Mlima Elgon na vilima vya Cherangani, mvua kubwa huanza yapata Machi au Aprili, na mara nyingi huja alasiri, mawingu yakiwa yamejikusanya tangu adhuhuri. Mtoto aliye malishoni huijua saa hiyo bila saa. Kwa mkulima wa mahindi wa Kitale, kuja kwa mvua ni suala la mbegu, mbolea na deni. Kwa mfugaji ni suala la ng'ombe na mto uliojaa. Wito uliomo katika "Kothbiro" ni wa tendo la kila siku katika mahali pa namna hiyo. Uhakiki uliouona wimbo huu kama maombolezo pekee, kwa sababu tu ya sauti yake ya huzuni, umeusoma nusu. Anayeita si lazima awe na huzuni. Huenda ana haraka tu, na wingu liko karibu.

Usomaji wa kimaombolezo ulipata nguvu hasa mwaka 2005, pale wimbo ulipotumiwa katika filamu *The Constant Gardener* ya Fernando Meirelles, iliyotokana na riwaya ya John le Carré ya mwaka 2001. Alberto Iglesias, mtunzi wa muziki wa filamu hiyo, aliuingiza wimbo wa Ogada katika kazi yake. Filamu inahusu majaribio ya dawa kwa maskini wa Kenya na mauaji ya mwanamke aliyetaka kuyafichua. Katika muktadha huo wito wa kurudisha ng'ombe ukageuka kuwa kilio cha bara zima. Hakuna ubaya wimbo kupewa maana mpya, kwani ndiyo desturi ya fasihi simulizi kila utendaji unapobadilika. Linalofaa kuhojiwa ni kwamba maana hiyo mpya ilienea kiasi cha kuifunika ile ya kwanza, hata miongoni mwa Wakenya wasiojua Dholuo ambao waliusikia kwanza katika filamu.

Kisha ikaja tarehe 1 Juni 2018. Albamu *Ye* ya Kanye West ilikuwa na nyimbo saba tu. Wa pili, "Yikes", ulitumia kipande cha "Kothbiro". Utaratibu wa wanamuziki wa kufokafoka kukata kipande cha santuri ya zamani na kukishonea katika kazi mpya unajulikana. La kuzingatiwa ni kipande kipi kilichokatwa. Hakikuwa cha mwaka 1993, kile chenye umaarufu wa Real World na wa filamu. Kilikuwa cha Black Savage, na orodha ya waliohusika ikawataja kama watunzi James Mbarack Achieng na Ayub Ogada, na bendi kama watendaji. Kwa kalamu ya wanasheria, jambo lililowapita wahakiki likawekwa wazi: wimbo ulikuwa na watunzi wawili wenye majina, ulikuwa na bendi, na ulikuwa na mwaka.

Inafaa kulinganisha na "Chemirocha", uliorekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1950 huko Kapkatet kwa wasichana wa Kikipsigis. Nao ulitungwa kwa kukutana na rekodi za ugenini, zile za Mmarekani Jimmie Rodgers aliyefariki mwaka 1933, na nao ukaja kupendwa mbali na nyumbani na watu wasioijua lugha yake. Lakini "Chemirocha" ulihifadhiwa kama kielelezo cha kabila, ukitunzwa na mtafiti. "Kothbiro" haukuwa na mtafiti. Ulitunzwa na santuri chache zilizosalia katika makasha ya watu. Aina nyingine kabisa ya kurudi ilionekana mwishoni mwa mwaka 2024, pale "Kasongo" wa Super Mazembe, santuri ya mwaka 1977, ulipofufuliwa na vijana wa Kenya kama jina la utani la Rais William Ruto. "Kasongo" haukuwahi kusahauliwa. Wazazi wa vijana hao waliucheza harusini. Uliporudi, ulirudi na hadhira yake yote.

"Kothbiro" ulirudi bila hadhira ya kwanza, kwa sababu haukuwa nayo. Gordon Ominde alikuwa ameshafariki wakati "Yikes" ulipoingia chatini. Ogada alikuwa amerejea Kenya tangu mwaka 2007 na kuishi Nyahera, nje kidogo ya Kisumu, akipiga nyatiti pasipo hoja ya mtu kumuuliza habari za gitaa. Alifariki tarehe 1 Februari 2019, miezi minane baada ya albamu ile kutoka. Tanzia nyingi zilimtaja kama bwana wa nyatiti. Chache zilikumbuka kutaja bendi ya roki.